Muulize Mwalimu: Bath, mji unaokula kwa maji yake

Toleo lililopita nilitaja kwa kupita tu kwamba niliwahi kukaa Bath, Uingereza, msimu mzima wa baridi mwanzoni mwa miaka ya 1990, nikisoma kozi ya walimu wa jiografia. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua za mwezi huu karibu zote ni za Bath, kutoka Majengo hadi Sakina. Walioniuliza juu ya mvua za vuli na panya wa ghalani wanivumilie, zamu yao inakuja.

Shikamoo Mwalimu. Binti yangu amepata nafasi ya chuo kikuu huko Bath kuanzia Septemba. Ndugu wananicheka, wanasema anakwenda kusomea kuoga. Huo ni mji wa namna gani hasa? Mama wa Majengo, Moshi

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kulea. Hao ndugu usigombane nao, wamesema kweli bila kujua. Mji ule umejengwa na kuoga. Bila yale maji ya moto pangebaki pale kijiji cha wafuga kondoo kwenye kona ya mto Avon.

Bath iko kusini magharibi mwa Uingereza, kama kilomita 160 kutoka London, saa moja na nusu kwa treni. Ni mji mdogo, wakazi wake wanakaribia laki moja, na umekaa bondeni, vilima pande zote. Chuo Kikuu cha Bath chenyewe kiko juu ya kilima kimojawapo. Kabla ya koti, mnunulie binti viatu imara.

Waliojenga kwanza ni Warumi. Walipoitwaa nchi ile katika karne ya kwanza walikuta wenyeji wana mungu wao wa kike wa chemchemi, akiitwa Sulis. Hawakumfukuza. Walimuunganisha na Minerva wao, wakamjengea hekalu kwenye miaka ya 60 na 70 baada ya Kristo, wakaongeza mabwawa ya kuogea, na mji ukaitwa Aquae Sulis. Bwawa kubwa lipo hadi leo. Sakafu yake imetandikwa mabamba 45 ya madini ya risasi, na maji yanaingia kama yalivyoingia enzi zile. Lakini ukiangalia picha usidanganyike: nguzo na masanamu unayoyaona juu ya bwawa si ya Warumi, ni ya mafundi wa enzi ya malkia Victoria. Cha Warumi kinaishia kwenye vitako vya nguzo. Yaliyo chini yalifukuliwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1870, na watu wakaruhusiwa kuja kutazama mwaka 1897.

Nikiwa pale nilivutwa zaidi na kabati moja la makumbusho kuliko bwawa lenyewe. Mtu akiibiwa, alikuwa anaandika shitaka lake kwenye kibamba chembamba cha risasi, anakikunja, anakitupa chemchemini ili Sulis amshughulikie mwizi. Vimepatikana vibamba kama 130. Bwana mmoja, Docimedis, aliibiwa glavu zake mbili, akaomba aliyezichukua apotewe na akili na macho. Glavu! Wengine waliibiwa joho, au mtungi wa shaba. Na kwa kuwa hawakumjua mwizi, waliandika kama mawakili: awe mwanamume au mwanamke, awe mtumwa au mtu huru. Wachaga wanaojua maana ya kuvunja chungu ili kumlaani mwizi hawatahitaji maelezo zaidi kwa huyu Docimedis.

Warumi waliondoka mwanzoni mwa karne ya tano, majengo yakaanguka, tope likafunika. Mwaka 973 mfalme Edgar alivishwa taji pale, kisha karne nyingi zikapita mji ukiishi kwa kanisa na sufu. Hizo nazivuka. Bath anayoikuta binti yako ni ya karne ya 18.

Malkia Anne alikwenda kuoga pale mwaka 1702, akarudi 1703. Malkia akienda mahali, nani atabaki nyumbani? Mwaka 1705 hivi akaingia mtu kutoka Swansea, Wales, Richard Nash, maarufu kama Beau Nash, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kamari. Akawa msimamizi wa sherehe za mji, akaushika kwa zaidi ya nusu karne. Alipiga marufuku upanga mjini, kwa sababu mabwana wakilewa walichomana. Alikataza buti kwenye ukumbi wa dansi. Aliwawekea viwango wabeba viti, wale waliowabeba wagonjwa na matajiri mabegani, wasitoze watu wanavyotaka. Dansi iliisha saa tano usiku, basi. Binti wa mfalme, Amelia, aliomba wimbo mmoja zaidi, akakataliwa.

Siku yenyewe ilikuwa na ratiba. Asubuhi na mapema watu waliingia majini, wanaume na wanawake pamoja, wamevaa magauni mazito ya turubai, maji hadi shingoni. Wakitoka, wanabebwa wamefunikwa hadi kitandani watoe jasho. Kisha glasi za maji kwenye ukumbi wa pampu huku muziki unapigwa, kisha chai, kanisa, matembezi, umbea, na usiku karata. Usiniulize waliokuwa wagonjwa ni wangapi. Mama aliyekuja na binti watatu wa kuoza hakuwa anaumwa magoti.

Kamari ndiyo iliyomlisha Nash, na sheria za kuizuia za mwaka 1739 na 1745 zilimkata miguu. Alizeeka na madeni, mji ukampa posho ya kila mwezi, akafariki mwaka 1761 akiwa na miaka 86.

Nyumba sasa. Mawe yalitoka kwenye machimbo ya Ralph Allen, tajiri aliyepata fedha yake ya kwanza kwenye mambo ya posta. Ni mawe ya chokaa yenye rangi ya asali, na karibu mji mzima umejengwa nayo. Michoro ilitoka kwa John Wood na mwanawe wa jina hilo hilo. Baba alianza mtaa wa duara uitwao Circus mwaka 1754 akafariki mwaka ule ule. Mtoto akaumaliza, kisha akajenga Royal Crescent kati ya 1767 na 1774, nyumba 30 zilizoshikana kwa umbo la mwezi mwandamo, na mbele nguzo 114 zimejipanga kama gwaride.

Mimi nilizunguka nyuma. Mwalimu wa jiografia hana adabu, anapenda kuona maji machafu yanakwenda wapi. Nyuma hakuna gwaride: dirisha hili refu, lile fupi, ukuta mmoja umejitokeza na jirani yake umerudi ndani, mabomba yanashuka ukutani kila moja na njia yake. Sababu ni kwamba mnunuzi alinunua kipande cha uso wa mbele, kisha akatafuta fundi wake ajenge kilichobaki anavyotaka. Hapo nikaielewa Bath. Ni mji wa kupokea wageni, na unapiga pasi upande unaoonekana.

Tabia hiyo wanayo hata watu wake. Wapole mno, watamshukuru dereva wa basi wakishuka, lakini mlango wa nyuma hawakufungulii upesi. Binti asivunjike moyo. Akipata kanisa au kwaya atazoeana nao. Kodi ya chumba ni ghali kwa sababu mji ni mzuri na nafasi ni finyu, kwa hiyo aombe bweni la chuo mapema, asingoje kufika. Akiwa na mapenzi na nyota, aende nyumba namba 19 mtaa wa New King Street. Hapo bustanini, tarehe 13 Machi 1781, mpiga kinanda wa kanisa aitwaye William Herschel aliigundua sayari ya Uranus kwa darubini aliyoitengeneza mwenyewe. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote yaliyotokea Bath, na nilipokuwa pale wageni wengi walipita mtaa wa juu wakitafuta keki.

Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni dereva wa watalii. Mgeni wangu alisema kwao kuna maji yanatoka ardhini yanafuka moshi, na hakuna volkano. Sisi tuna Meru na Kilimanjaro, lakini kwenye chemchemi ya Chemka, kule Hai, maji ni vuguvugu tu. Inakuwaje? Dereva, Sakina

Swali zuri, na ndilo nililokwenda nalo Bath mimi mwenyewe.

Maji yakiwa ya moto, swali la kwanza ni yameshuka kina gani. Ardhi inaongezeka joto kadiri unavyokwenda chini, kama nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita, hata pasipo na volkano. Mvua ya Bath ilinyesha maelfu ya miaka iliyopita kwenye vilima vya Mendip, kusini ya mji. Ikapenya kwenye miamba ya chokaa, ikashuka kati ya kilomita 2.7 na 4.3, ikapata moto wa kutosha, kisha msukumo ukairudisha juu kupitia ufa wa miamba. Inatokea katikati ya mji kwenye chemchemi tatu zilizo karibu karibu. Kubwa yao inatoa zaidi ya lita milioni moja kwa siku, nyuzi 46. Hayo ni maji ambayo mkono unayavumilia kwa shida.

Ukisimama pale asubuhi ya baridi utaona mvuke umelala juu ya bwawa na mapovu yanapanda. Usidhani yanachemka, ni gesi, sehemu kubwa naitrojeni. Kwenye mfereji wa kutolea maji mawe yamepakwa rangi ya chungwa kwa ajili ya chuma kilichomo. Bwawa kubwa lina rangi ya kijani kwa sababu halina paa siku hizi, jua linaotesha mwani.

Chemka ni habari nyingine. Hayo ni maji ya mvua ya mlimani yaliyopenya kwenye miamba ya volkano na kutokea tambarare, safi hadi unahesabu mizizi ya mikuyu chini. Mlima kuwa na historia ya moto haina maana kila tone limepita jikoni.

Na kwa kuwa wewe unatembea na wageni, wape na hii. Mwaka 1810 chemchemi moja ya Bath ilipungua maji, mji ukashikwa na hofu. Aliitwa William Smith, mpima ardhi ambaye mwaka 1799, akiwa huko huko Bath, alipanga orodha ya matabaka ya miamba yalivyofuatana kutoka juu hadi chini. Alifukua hadi chini, akakuta maji hayajakauka, yamejitafutia njia nyingine pembeni, akayarudisha. Vitabu vya jiolojia vinamwita baba wa jiolojia ya Uingereza. Alikuwa mtoto wa fundi chuma wa kijijini, hakusoma chuo kikuu.

Mwalimu, mwaka 2011 nilikwenda Samunge kunywa kikombe cha Babu. Nimesikia Wazungu nao walikuwa na kikombe chao huko Bath. Swali langu ni fupi: maji yale yaliponya? Mzee wa Usa River

Shikamoo mzee wangu. Samunge sikwenda, lakini nyumba yetu ilitoa watu wawili kwenye ile foleni, kwa hiyo nakujibu kwa heshima. Mchungaji Ambilikile Mwasapile alitoza shilingi 500 kwa kikombe cha dawa yake, na magari yalipangana porini kilomita na kilomita. Wapo waliofia njiani. Bath nako walikuja na machela.

Mwaka 1742 ilifunguliwa hospitali ya maji kwa ajili ya maskini kutoka nje ya mji. Allen alitoa mawe, Wood mkubwa akachora, Nash akachangisha. Mgonjwa alipofika aliweka amana. Akipona, ni nauli ya kurudi kwao. Akifa, ni ya maziko. Sijaona hospitali nyingine iliyosema ukweli wazi kiasi hicho mlangoni.

Wengi waliolazwa walikuwa wamepooza mikono au wana maumivu makali ya tumbo, na kwa baadhi yao sababu ilikuwa sumu ya risasi. Wapaka rangi na mafundi bomba waliipata kazini, wengine kwenye vinywaji vilivyopitishwa kwenye vyombo vya risasi. Hao walipata nafuu kweli. Miaka ya 1980 madaktari wa Bristol walilijaribu jambo hilo: mtu akikaa majini hadi shingoni kwa muda mrefu, uzito wa maji unausukuma mwili, figo zinatoa mkojo mwingi zaidi, na risasi inatoka nayo. Sifa zote zilikwenda kwa maji ya Bath, ingawa sehemu kubwa ya kazi ilikuwa ni kule kukaa tu. Na sakafu ya Warumi ilikuwa ya risasi, angalia mambo hayo!

Waungwana wenye jongo nina maoni yangu juu yao. Mtu anayekunywa divai tamu kila usiku na kula nyama mara tatu kwa siku, ukimtoa kwake, ukamwamsha alfajiri na kumtembeza vilimani, vidole vya miguu vitapoa hata ukimnywesha maji ya bomba.

Serikali yao haikuyadharau maji hayo. Hadi miaka ya 1970 mgonjwa wa baridi yabisi aliweza kuandikiwa na daktari akaoge Bath kwa gharama ya huduma ya afya ya taifa. Kwa hiyo, mzee, jibu: maumivu ya viungo yalipungua, wapo walioondokana na sumu ya risasi, na kifua kikuu, kansa na kisukari hakuna aliyeponywa. Magoti yakikusumbua, maji ya moto kwenye beseni nyumbani ni sawa. Sukari ikipanda, nenda hospitali.

Ulionja? Yana ladha gani? Mwanafunzi, Ngaramtoni

Nilionja. Vuguvugu, chumvi kidogo, halafu ladha ya msumari ulioulamba. Nilimaliza glasi kwa sababu nilikuwa nimeilipia.

Lakini sikuomba ya pili. Mimi ni mzaliwa wa Maji ya Chai, na meno yangu ni ya kahawia tangu yaote, kama ya nusu ya darasa letu. Ni madini ya floraidi, ambayo Mlima Meru umetugawia bila kipimo. Kwa hiyo mtu akinisifia maji kwamba "yana madini," mimi nauliza madini gani na kiasi gani. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa floraidi ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingine vya kwetu vinazidi hapo mara nyingi. Mwenye mtoto mdogo apeleke maji yake kupimwa kabla meno ya kudumu hayajaota.

Bless up Mwalimu. Wazee wa Rasta wanasema Jah Rastafari Haile Selassie aliishi Bath. Ni kweli au ni stori za kijiweni? Kijana wa Ngarenaro

Ni kweli kabisa. Italia ilipoivamia Ethiopia, mfalme Haile Selassie alikwenda Geneva, akazungumza mbele ya Shirikisho la Mataifa mwezi Juni 1936, wakamsikiliza na wasimsaidie. Mwaka huo huo akafika Bath kupumzika, akapapenda, akanunua nyumba iitwayo Fairfield House, upande wa magharibi wa mji, juu kidogo ya bonde. Aliishi pale na familia na watumishi wake hadi 1940, Italia ilipoingia vitani upande wa Ujerumani na Waingereza wakamsafirisha hadi Khartoum. Mei 1941 akaingia Addis Ababa.

Miaka ile haikuwa ya raha. Mfalme hakuwa na fedha, na vyombo vya fedha alivyokuja navyo viliuzwa. Nyumba ni kubwa, ya mawe, na baridi ya Bath ina unyevunyevu unaoingia hadi kwenye godoro, ninaijua. Mtu wa nyanda za juu za Ethiopia amezoea baridi kavu.

Mwaka 1954 alirudi kama mfalme, mji ukampa heshima ya uraia wake. Mwaka 1958 akautolea mji nyumba ile iwe ya kuwatunza wazee. Ipo hadi leo, na Rasta na Waethiopia hukutana hapo. Nilipokwenda kuitazama niliwakuta wazee wa Kizungu wamekaa sebuleni wakinywa chai. Katika majengo yote ya Bath, hilo ndilo ningemwambia Mtanzania aanze nalo, kabla ya bwawa la Warumi. Wachache wanalijua.

Mwalimu, fedha za kujenga majumba hayo yote zilitoka wapi? Kidato cha sita, Moshi

Mikopo, posta, mawe, kamari, mashamba ya Uingereza, na sukari. Hiyo ya mwisho ndiyo inayotajwa kwa sauti ndogo. Bristol, bandari iliyokuwa imezama katika biashara ya watumwa, haifiki kilomita 20 kutoka hapo, na wenye mashamba ya Karibiani walipanga nyumba Bath kila msimu. Juu ya kilima cha Lansdown kuna mnara uliokamilika mwaka 1827, wa William Beckford, aliyerithi utajiri wa mashamba ya miwa ya Jamaika yaliyolimwa na watumwa. Ni mnara mzuri, na ukiupanda ujue umepanda mgongo wa nani.

Ya mikopo nayo iandike kwenye daftari lako. Mwaka 1793, vita na Ufaransa vilipoanza, benki ya mji ilianguka na wajenzi wakafilisika, mitaa ikabaki nusu nusu. Kisha mabwana wakahamia fasheni ya kuoga baharini, kule Brighton, na Bath ikawa mji wa wastaafu.

Mwalimu, sisi ni vijana wa karibu na Chemka, wilaya ya Hai. Wageni wanakuja kila wikendi, wazawa na wa nje. Tufanye nini iwe kama Bath? Vijana wa Hai

Msitake iwe kama Bath. Chemka ina kivuli cha mikuyu, kamba ya kurukia majini na wale samaki wadogo wanaomung'unya miguu, na mtu aliyetoka Boma Ng'ombe kwa bodaboda na vumbi lote lile anataka hayo hayo. Sakafu ya marumaru mtamwekea nani?

Yako mawili ya kuiga. La kwanza ni umiliki. Tangu hati ya malkia Elizabeth wa Kwanza ya mwaka 1590, mji ndio mlinzi wa chemchemi, na halmashauri bado inazishika. Bwawa la Warumi limekuwa likipokea zaidi ya wageni milioni moja kwa mwaka, na kiingilio kinakwenda kwenye mfuko wa mji. Sheria ya mwaka 1982 inamzuia mtu kuchimba kwa kina ovyo ndani na pembeni ya Bath bila kibali, asije akautoboa mshipa wa maji. Nyie mnajua nani ana karatasi ya Chemka? Nani anachimba kisima cha umwagiliaji juu yenu, na cha mita ngapi? Anzeni na hayo kijijini kabla ya kuchora hoteli.

La pili ni usafi, na hapa Bath walilipa kwa damu. Mwaka 1978 msichana aliyeogelea kwenye maji yale alifariki kwa amiba inayopenda maji yasiyo ya chumvi yanapokuwa na joto, ambayo inapita puani na kufika kwenye ubongo. Ni ugonjwa adimu sana, lakini ukishashika ni vigumu kupona. Mabwawa yakafungwa. Ilibidi wachimbe kisima kipya kinachochukua maji chini zaidi, kabla hayajakutana na uchafu wa karibu na uso wa ardhi. Mahali papya pa kuogea palifunguliwa mwaka 2006 tu, baada ya miaka ya kuchelewa na gharama kupanda kutoka kama pauni milioni 13 hadi milioni 45. Bwawa la Warumi lenyewe hadi leo ni la kutazama, kidole hutumbukizi.

Sisemi Chemka kuna amiba. Nasema pimeni, mara kwa mara, na matokeo yabandikwe pale kwenye kiingilio. Wanaoruka kwa kamba wabane pua. Vyoo viwe mbali na maji na upande wa chini, si juu ya chemchemi, na nepi za watoto na chupa za bia vipate pipa. Sabuni na shampuu marufuku majini, hata kwa mgeni aliyelipa dola. Mkipata majibu ya maabara nitumieni nakala, nitaichapa hapa toleo linalofuata.